Kibao Kilichoihamishia Ndege London: Uchambuzi wa Kisa cha Flyer ya 1903

Kwa karibu miaka 20, Mmarekani aliyetaka kuitazama Flyer, ndege ya ndugu Wright iliyoruka mwaka 1903, ilimbidi avuke Atlantiki. Ndege ilikuwa London, kwenye Science Museum. Haikuibwa, haikutekwa vitani, wala haikuuzwa kwa sababu ya njaa. Aliyeisafirisha ni mwenyewe aliyeiunda, na alifanya hivyo kwa hasira ya maneno machache yaliyobandikwa mbele ya chombo kingine kabisa, mjini Washington.

Ninakiandika kisa hiki kwa ajili ya watu wanaoandika vibao vya maelezo katika makumbusho, wanaotunza kumbukumbu, na wanaopokea vitu vya watu kwa masharti. Wakuu waliohusika wamo katika kumbukumbu za umma, kwa hiyo nimewaachia majina yao. Mafundi, makarani, ndugu wa marehemu na wasimamizi wa mirathi nimewataja kwa kazi zao tu.

Usuli

Wilbur na Orville Wright walikuwa mafundi wa baiskeli wa Dayton, Ohio. Kati ya 1900 na 1902 walikuwa wakienda kwenye fukwe za mchanga za North Carolina, karibu na Kitty Hawk, kujaribu vyombo visivyo na injini. Kilichowatofautisha na wengine ni kwamba hawakukazana na injini. Walikazana na usukani. Walitaka mtu aliye juu aweze kukipandisha chombo na kukishusha, kukigeuza kushoto na kulia, na kukilaza ubavu apendavyo. Kulaza ubavu walikupata kwa kuzinyonga ncha za mbawa kwa nyaya.

Tarehe 17 Desemba 1903, mbele ya watu watano, mashine yao iliruka mara nne. Mara ya kwanza, Orville akiwa ndani, ilikaa hewani sekunde 12 na kwenda futi 120, yaani kama mita 37. Mara ya nne Wilbur alikwenda futi 852 kwa sekunde 59. Baadaye, ikiwa imeegeshwa chini, upepo ukaibiringisha na kuivunja. Haikuruka tena maisha yake yote.

Chombo chenyewe ni cha mbao na nyaya, upana wa mbawa zaidi kidogo ya mita 12, uzito kama kilo 274, na injini ya nguvu za farasi 12 iliyotengenezwa katika karakana yao wenyewe. Mbawa zilivikwa kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, jamaa ya ile melikani waliyoifahamu babu zetu wa pwani, ila chenye nyuzi zilizobanana zaidi. Rafadha mbili za nyuma zilizungushwa kwa minyororo, na hapo unaona mkono wa fundi baiskeli.

Upande wa pili alikuwepo Samuel Langley, mwanasayansi mwenye heshima kubwa na Katibu wa Smithsonian, taasisi ya utafiti na makumbusho mjini Washington. Katibu ndicho cheo cha mkuu wa taasisi hiyo. Jeshi lilimpa dola 50,000 atengeneze chombo cha kuruka, akakiita Aerodrome. Kilirushwa kwa mtambo kutoka juu ya boti katika mto Potomac tarehe 7 Oktoba 1903, kikatumbukia majini. Kikarushwa tena tarehe 8 Desemba, kikavunjika na kutumbukia tena, na rubani akaponea chupuchupu. Siku tisa baadaye ndugu Wright waliruka. Wao mradi wao wote uliwagharimu chini ya dola 1,000. Langley alikufa mwaka 1906 akiwa amefanywa kichekesho na magazeti.

Mtu wa tatu wa kumkumbuka ni Charles Walcott, aliyemrithi Langley ukatibu. Alikuwa rafiki wa Langley, na alikuwa mmoja wa waliosaidia kuzipata zile fedha za jeshi. Kwake jina la Langley halikuwa jambo la karatasini tu.

Mambo yalivyokwenda

Mwaka 1910 Walcott aliwaandikia ndugu Wright akiomba kitu chao cha kuonyesha. Wilbur akajibu kwamba mashine ya 1903 ipo na inaweza kuungwa upya. Taasisi ikaonyesha kupendelea zaidi mashine yao ya 1908, tena ikae pamoja na vyombo vya Langley. Wilbur akausoma ujumbe huo kama ulivyosomeka: kwamba waanzilishi ni Langley, na wao ni watu wa baadaye. Mazungumzo yakafia hapo. Wilbur naye akafariki kwa homa ya matumbo mwaka 1912.

Ndege ilikuwa bado imo katika makasha nyuma ya karakana. Machi 1913 Dayton ikakumbwa na mafuriko makubwa, na makasha yakakaa chini ya maji na tope kwa siku 11. Kitu ambacho leo kinalindwa kwa vipimo vya joto na unyevu kilinusurika kwa bahati tu.

Wakati huohuo ndugu Wright walikuwa mahakamani na Glenn Curtiss, mtengenezaji mwingine wa ndege, kuhusu hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya ule mfumo wao wa usukani. Januari 1914 mahakama ya rufaa iliwapa ushindi. Miongoni mwa milango iliyombakia Curtiss, mmoja ulikuwa huu: aonyeshe kwamba kabla ya Wright palikuwa na chombo kingine kilichokuwa na uwezo wa kuruka na mtu.

Mwaka huohuo Smithsonian ilimpa Curtiss ile Aerodrome pamoja na dola 2,000 aitengeneze na kuijaribu ziwani huko Hammondsport, New York. Mwangalizi rasmi wa taasisi alikuwa Albert Zahm, ambaye katika ile kesi alitoa ushahidi wa kitaalamu upande wa Curtiss. Waswahili tuna msemo wake: kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Kazi ya Curtiss haikuwa ya matengenezo peke yake. Mbawa zilibadilishwa umbo, namna ya kuzifunga na kuziimarisha ikabadilishwa, maboya yakawekwa ili chombo kiondokee majini, na usukani ukarekebishwa. Tarehe 28 Mei 1914 kikajiinua juu ya maji kwa kitambo kifupi sana. Baadaye kikawekewa injini mpya ya Curtiss na kuruka zaidi kidogo. Mmoja wa kaka wakubwa wa akina Wright alikwenda kushuhudia majaribio ya 1915, akapiga picha, na watu wa Curtiss wakamnyang'anya filamu.

Taarifa za taasisi zikatangaza kwamba majaribio yamethibitisha mashine ya Langley ilikuwa na uwezo wa kuruka na mtu. Kisha Aerodrome ikarudishwa umbo lake la 1903, na mwaka 1918 ikawekwa hadharani. Kibao kilisema ni chombo cha kwanza katika historia ya dunia chenye uwezo wa kumbeba mtu hewani kwa mruko endelevu.

Orville alilalamika kwa miaka. Mwaka 1921 rafiki yake Mwingereza, Griffith Brewer, alisimama mbele ya wataalamu mjini London akayaeleza mabadiliko ya Hammondsport moja baada ya jingine. Washington hawakutikisika. Mwaka 1925 Orville akatangaza kwamba Flyer itapelekwa Science Museum. Walcott alikufa Februari 1927 bila kuandika neno la kurudi nyuma. Orville akaivisha ndege kitambaa kipya, akaifunga, na mwanzoni mwa 1928 ikapakiwa melini.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa Smithsonian kufanya majaribio haukuwa na ubaya wenyewe. Swali la kama chombo cha Langley kingeweza kuruka ni swali halali. Ubaya ulikuwa katika kumkabidhi kazi mtu ambaye jibu la ndiyo lingemfaa mahakamani, na kumweka shahidi wake kuwa msimamizi. Walcott alitaka kumsafisha rafiki yake, Curtiss alitaka kulegeza hataza. Haja mbili zikakutana, na hakuna aliyebaki mezani wa kuuliza swali gumu.

Uamuzi wa Orville ndio unaobishaniwa zaidi. Alikuwa na njia nyingine. Angeweza kwenda mahakamani, kuiweka ndege Dayton, au kuikabidhi kwa makumbusho nyingine ya Marekani. Mahakama haikuwa imara kwa jambo la namna hii, maana Smithsonian haikumtukana wala kumzushia. Na ndege ikikaa Dayton, watu wangeizoea na malalamiko yangesahaulika. Hoja yake ilikuwa kwamba ndege ikiwa ugenini, kila anayeiona atauliza kwa nini haiko kwao, na kila jibu litaitaja Smithsonian. Hakuwa anaficha kitu. Alikuwa anakitundika mahali ambapo kukosekana kwake kungeonekana.

Hapa msomaji wa Tanzania anaweza kuwa anafikiria yule dinosaria wa Tendaguru, Lindi, aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin. Visa hivi havifanani. Mifupa ya Tendaguru ilichimbwa na kuondolewa wakati wa ukoloni, na wenye ardhi hawakuulizwa. Flyer ilipelekwa na mwenyewe, kwa ratiba yake na kwa masharti yake. Kinachovikutanisha ni kimoja tu: kitu cha makumbusho husema jambo kwa pale kilipo, hata kabla hujasoma kibao.

Uamuzi wa tatu ulimwangukia Charles Abbot, Katibu mpya kuanzia 1928. Alikifupisha kibao, akaondoa majigambo, na akawasifu hadharani ndugu Wright kwa kuwa wa kwanza kuruka. Alidhani yamekwisha. Orville akakataa, na wengi wakamwona mkaidi. Lakini yeye hakuomba sifa. Aliomba taasisi ichapishe orodha ya tofauti kati ya mashine ya 1903 na ile ya 1914, kisha ikiri kwamba kilichosemwa mwanzo hakikuwa na msingi. Abbot alitoa heshima mahali palipodaiwa ukweli, na hilo likaongeza miaka 14 ya ugomvi.

Matokeo

Oktoba 1942 Abbot alichapisha orodha. Aliyaweka mabadiliko ya Hammondsport bayana, akakiri kwamba matamko ya taasisi hayakustahili, na akaomba radhi. Mwandishi wa wasifu wa Orville alisaidia kuwapatanisha. Kufikia hapo Flyer ilikuwa imehamishwa kwa ajili ya vita na kufichwa chini ya ardhi karibu na Corsham, magharibi mwa London, pamoja na hazina nyingine za Uingereza.

Mwishoni mwa 1943 Orville aliwaandikia Science Museum kwamba ataihitaji ndege vita vikiisha. Walipoomba wabaki nayo hadi wakamilishe nakala, akakubali. Hakulitangaza jambo hilo. Januari 1948 akafa, na wasia aliouandika miaka ya nyuma uliiacha ndege London isipokuwa kama kuna barua yake ya kubadilisha. Wasimamizi wa mirathi wakaitafuta barua, ikapatikana, na mambo yakaenda.

Ndege ilivuka bahari kwa meli ya Mauretania hadi Halifax, Canada, kwa kuwa bandari ya New York ilikuwa na mgomo. Tarehe 17 Desemba 1948, miaka 45 kamili tangu iruke, ikaonyeshwa rasmi Washington. Smithsonian iliinunua kwa dola 1.

Pamoja na dola hiyo kulikuwa na mkataba. Sharti moja linasema kwamba Smithsonian au mrithi wake yeyote hataruhusu tamko au kibao kinachodai kwamba chombo chochote cha kabla ya Flyer kiliweza kumbeba mtu kwa nguvu zake chenyewe katika mruko ulioongozwa. Likivunjwa, ndege inarudi kwa warithi.

Uchambuzi

Nianze na neno moja, kwa sababu ndilo kiini cha yote: uwezo. Kibao cha 1918 hakikusema Aerodrome iliruka mwaka 1903. Kila mtu alijua ilizama. Kilisema ilikuwa na uwezo wa kuruka. Madai kwamba kitu kilitokea unaweza kuyapinga kwa shahidi, picha, au tarehe. Madai kwamba kitu kingeweza kutokea hayana shahidi. Waliokuwapo mtoni siku ile, wote waliokiona chombo kikitumbukia, hawakuwa na la kusema dhidi ya neno hilo. Aliyelichagua alijua anachofanya, au alikuwa na bahati mbaya sana ya kalamu. Kwa wanaoandika vibao, ushauri wangu ni wa kiufundi tu: ukiona umeandika kwamba kitu "kingeweza", simama, ujiulize ni nani alijaribu, kwa chombo kipi, katika hali gani, na kama msomaji anaambiwa hayo papo hapo.

Kosa la pili ni zito zaidi, na huzungumzwa kidogo. Baada ya majaribio, Aerodrome ilirudishwa umbo la 1903 kisha ikaonyeshwa kwa sifa za 1914. Mgeni alisimama mbele ya mashine moja akasoma habari za nyingine. Hata mhandisi mwenye jicho kali asingeweza kugundua kitu, maana ushahidi wa mabadiliko ulikuwa umeondolewa kwa kisingizio cha kurudisha uhalisi. Hivyo matengenezo yenye nia njema kwa nje yalifanya kazi ya kufuta alama.

Mtu anaweza kusema: na Flyer je, yenyewe ni halisi? Ilivunjwa na upepo mwaka 1903, ikalowa tope 1913, ikaungwa upya 1916 kwa ajili ya maonyesho, ikavishwa upya 1927, na ikavishwa tena 1985. Kitambaa anachokiona mgeni leo hakikuwepo Kitty Hawk. Vipande vya kitambaa na mbao za awali vilikwenda hadi mwezini na Apollo 11 mwaka 1969, lakini hiyo ni habari nyingine. Tofauti ni kwamba matengenezo ya Flyer yanajulikana na yameandikwa. Mashine zote mbili ziliguswa. Flyer iliguswa watu wakaambiwa, Aerodrome iliguswa watu wakafichwa.

Kilichofaa katika mbinu ya Orville ni kwamba aliushika mzozo kwenye jambo moja linalopimika: orodha ya mabadiliko. Angedai heshima, Abbot angemalizana naye mwaka 1928, na orodha isingechapishwa kamwe. Alivumilia kuitwa mkaidi kwa miaka 14 zaidi, na kwa maoni yangu alikuwa sahihi. Ila gharama ilikuwa kubwa kuliko anavyosifiwa nayo. Alikihatarisha kitu cha pekee kwa safari mbili za baharini na vita vilivyoshusha mabomu London. Kama Corsham isingekuwepo, leo tungekuwa tunachambua kisa cha namna nyingine.

Smithsonian nayo inastahili sifa yake, japo ilichelewa. Marekebisho ya 1942 yalikuwa kamili: orodha, kukiri, kuomba radhi, vyote katika chapisho lao wenyewe. Taasisi nyingi hubadilisha kibao kimyakimya usiku na asubuhi zikajifanya hakikuwa hivyo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hapa mwamba ngoma alikubali kuulegeza ugwe mwenyewe, hadharani.

Mkataba wa 1948 ndio unaonisumbua. Naelewa ulikotoka. Ukiwa umeumwa na nyoka kwa miaka 30, ung'ong'o utakushtua, na warithi walitaka hakikisho kwamba mambo ya Walcott hayatarudi. Lakini sharti lile linaifunga taasisi ya utafiti kinywa kuhusu swali la kitafiti. Haliizuii kusema uongo peke yake. Kwa maandishi yake linaizuia kusema jambo fulani, liwe kweli au la.

Madhara yake yameonekana. Wanaodai kwamba Gustave Whitehead aliruka Connecticut mwaka 1901 hawana picha ya mruko wala chombo chenyewe, na ushahidi wao unategemea zaidi habari za magazeti na kumbukumbu za watu zilizokusanywa miaka mingi baadaye. Madai dhaifu kiasi hicho yangejibiwa kwa hoja na kuisha. Badala yake, kila yanapoibuka wanainyooshea kidole ile karatasi ya 1948: mnawezaje kuwaamini watu waliotia saini wasiseme kinyume? Tom Crouch, aliyekuwa mhifadhi hapo kwa miaka mingi, ameandika kwamba anatumaini ushahidi wa kweli ukiletwa, yeye na wenzake watakuwa na ujasiri wa kuukubali hata kama itawagharimu ndege. Namwamini. Lakini taasisi kufikia mahali ambapo ukweli wake unategemea ujasiri wa mfanyakazi mmoja dhidi ya mkataba wake yenyewe ni dalili kwamba dawa iliwekwa nyingi mno.

Ningekuwa mshauri wa wale wasimamizi wa mirathi, ningewaomba waandike sharti la utaratibu badala ya sharti la maneno: kwamba dai lolote la kuitangulia Flyer lisiwekwe ukutani kabla ushahidi wake wote, pamoja na matengenezo yoyote yaliyofanyika, haujachapishwa na kupitiwa na watu wasio na masilahi. Sharti la namna hiyo lingemzuia Walcott kabisa. Lingewanyima pia wafuasi wa Whitehead silaha yao kubwa.

Flyer ilihamia jengo jipya la Makumbusho ya Taifa ya Anga mwaka 1976, na tangu Oktoba 2022 iko kwenye ukumbi uliofanyiwa ukarabati humohumo Washington. Aerodrome ya Langley nayo ipo, kwenye tawi la makumbusho hayohayo huko Chantilly, Virginia, ikiwa na mbawa zake za umbo la 1903, zile ambazo hazikuruka.